Gati, Mume wa Boke, Anadaiwa Kodi ya Kichwa

Mwaka uliofuata Azimio, karani wa kodi alipochomoza njia ya Tarime, wanaume walitoweka kijijini kama umande. Wengine walivukia kwa ndugu zao Kenya. Mmoja alijitumbukiza kwenye shimo la muhanga, akakuta muhanga naye keshakimbia.

Gati hakukimbia. Kodi ya kichwa ilikuwa ya wanaume. Yeye ni mwanamke mjane, akaendelea kupepeta ulezi. Kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, alikuwa amemwoa Boke kwa ng'ombe wake mwenyewe, kama wajane wa Kikurya wafanyavyo, na Boke, kwa mwanaume waliyemchagua, akamzalia mwana, Simoni.

Karani, mtu wa mbali, akauliza, "Mwenye mji huu yuko wapi?"

"Unamwona."

"Na huyu binti?"

"Mke wangu."

Kalamu ikamponyoka. "Mke wako wewe, mama?"

"Nimemtolea ng'ombe. Wewe wako ulimtolea nini, salamu?"

Boke akaangua kicheko. Karani akaokota kalamu. "Basi, mume, lipa kodi."

Ungo ukamtoka Gati mikononi, kuku wakarukia ulezi. "Kodi? Mimi? Mimi ni mwanamke!"

"Mmesikia!" Paa la ghala likainuka, akatokeza Matiko, ndugu wa marehemu mumewe, aliyejificha humo, ndevu zimejaa mtama. "Kakiri mwenyewe! Kama si mume, Boke na mtoto ni wa mji wangu!"

Kabla hajakanyaga chini, tarishi aliyefuatana na karani alishamdaka mguu. "Karibu, mzee. Kodi yako iko wapi?"

Kicheko cha Boke kilikuwa kimekauka. Amemkumbatia Simoni. Gati akawatazama, akamgeukia karani.

"Karani, mwenye ng'ombe wa kujaza bonde analipa ngapi?"

"Sawa na wewe. Kichwa ni kichwa."

"Mungu wangu! Tembo na panya kwenye mzani mmoja?"

Hata hivyo aliingia ndani, akafungua fundo la pesa za kuuza pombe. "Andika: Gati, mume wa Boke. Soma kwa sauti, Matiko asikie."

Karani akasoma.

"Shemeji," Matiko akalia, mikono imefungwa kamba, "nikopeshe!"

"Mwanaume mwenzangu, kila mtu na kichwa chake."

Siku ya baraza Gati alikwenda kukaa upande wa wanaume. Wazee wakakodoa macho, lakini hakuna aliyemgusa. Atakayesema Gati si mume, amrudishie kwanza kodi yake.