Bustani ya Ghorofa ya Tisa

Miaka ishirini na mbili mtunza bustani wa jiji alikokota mpira wa maji mti hadi mti, mpaka watu wakasahau jina lake wakamwita Mzee Mpira. Sasa pampu ilikuwa imekufa, naye alibeba ndoo. Miti mitatu ilishakauka. Bahati nzuri, jiji lenye huruma lilipitisha sheria: ajengaye jengo la biashara alipe ada ya bustani. Ada ya ghorofa jipya lililo ng'ambo ya barabara ingetosha kununua pampu, na mpira mpya juu.

Ila sheria iliachiwa mlango wa nyuma, mpana wa kupita lori. Mwenye jengo akitengeneza bustani yake, wazi kwa umma, anasamehewa ada. Ilibaki sahihi ya mkaguzi tu, na kwa kuwa wakubwa wote walikuwa semina, mkaguzi akawa Mzee Mpira. Mkewe alimpigia shati pasi, akamwonya kwamba leo yeye ni mkubwa, asijikune mbele za watu.

Kwenye lango la bustani hiyo ya umma, mlinzi alidai kitambulisho, sababu ya kuja, na mabuti yavuliwe. Mzee akapanda lifti na soksi iliyotoboka kidole gumba. Ghorofa ya tisa, meneja wa jengo alimwonyesha nyasi, vyungu kumi na viwili, na benchi lililozungushiwa kamba ili umma usilichafue.

Mzee hakuzoea kukagua mmea kwa macho. Alichukua jagi kwenye meza ya mikutano, akamwagilia. Nyasi hazikunywa. Maji yaliteleza juu ya marumaru, yakapita chini ya mlango wa mkurugenzi.

"Mzee wangu, hizi hazimwagiliwi," meneja alisema, akiinua suruali.

"Tangu lini?"

"Tangu zitoke kiwandani."

Kisha meneja, muungwana kwelikweli, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: jengo linahitaji mshauri wa bustani, kazi yenyewe kupangusa vumbi mara moja kwa wiki. Mzee aliwaza ndoo arobaini zinazomsubiri, mgongo ukamsihi akubali. Ila akaandika kwenye fomu: "Bustani haihitaji maji, jua wala umma. Mwenye jengo alipe ada." Wakubwa waliporudi kutoka semina, karani wa jiji alishaipiga muhuri.

Siku ile ya ukaguzi, alipokuwa akivaa mabuti langoni, mlinzi alimuuliza kama huko juu kunapendeza. Yeye hajawahi kuruhusiwa kupanda.

"Vuka barabara, mwanangu, uone yangu," Mzee alisema. "Njoo na ndoo."