Simu ya Bandia ya Lorna Hiebert

Programu ile ya kompyuta Lorna Hiebert aliiandika mwenyewe, binti yake Janelle akiwa bado shuleni, na pale ofisini, kwenye idara ya mabasi ya shule, hakuna aliyethubutu kuigusa. Kazi yake ilikuwa kusoma hali ya hewa alfajiri na, baridi ikizidi, kuwapigia simu wazazi wa wilaya nzima kwamba leo mabasi ya shule hayatoki. Tatizo ni kwamba ukiiwasha tu, imeshapiga. Mwenzake, Curtis Moroz, aliwahi kuiwasha na baridi ya kubuni ili aone itafanya nini. Jua linawaka, wazazi wote wakapigiwa, watoto wakarudi kulala. Mji ulimcheka mpaka theluji ikayeyuka.

Basi kila dhoruba ikawa ya Lorna kuisimamia, Krismasi haipo, harusi haipo. Sasa Janelle alitarajia kujifungua Januari, kule Halifax, naye alishasema: "Mama, usipokuja safari hii, sikuombi tena."

"Nenda, nitashika mimi," Curtis alimwambia wakinywa kahawa.

"Kama ulivyoshika siku ile?"

"Utanisimanga mpaka lini, dada? Hiyo programu yako haijaribiki. Mtu anagusa mlango tu, imeshamrukia."

Lorna alinuna siku nzima, maana alijua ni kweli. Kesho yake akaanza kuibomoa. Pale programu inapoanzia, alipokuwa amerundika kila kitu, akabakiza mistari mitatu: soma hali ya hewa, chukua simu, kabidhi. Uamuzi wote wa kupiga au kutopiga akauhamishia pembeni, kwenye kipande kinachopokea baridi yoyote na simu yoyote utakayokipa. Curtis akakipa simu ya bandia, isiyolia kwa mtu, inayoandika tu ingesema nini. Wakajaribu baridi za kila namna, na hakuna mzazi aliyeshtuka.

Dhoruba ilipiga, Lorna akiwa Halifax, mjukuu mapajani. Simu yake kimya. Akashindwa kuvumilia, akapiga yeye.

"Mabasi yamelala," Curtis akasema. "Nilikuta kosa lako la zamani kwenye kusoma upepo. Nimelirekebisha, nikajaribu, limekwisha. Lea mtoto, dada."

Ilimchoma. Miaka yote ile, na kumbe mtu mwingine angeweza.

"Unaondoka?" Janelle aliuliza kutoka kitandani, kwa sauti ya mtu aliyezoea jibu.

"Hawanihitaji," Lorna akasema kwa uchungu. Kisha akalisikia neno lenyewe, na machozi yakamtoka huku anacheka. "Janelle, mwanangu, hawanihitaji."