Ghala Alilosema Limejaa Ufuta

Ufunguo wa ghala hauingii mfukoni mwa mtu, hata mwenye ghala. Sheria hiyo aliitamka Sharifu Mshamu mwenyewe, miaka sita iliyopita, mbele ya watu ishirini, na hakulazimishwa na yeyote.

Ghala alilirithi kwa baba yake, hapa Ikwiriri, nyuma kidogo ya barabara kuu. Wakati huo vyumba vyote vya barabarani vilikuwa vimeshikwa na wafanyabiashara na nyumba za wageni, na kodi ilikuwa haishikiki. Bi Mashavu na wenzake, wasusi wa mikeka, walikuwa wakifanyia kazi kwenye baraza za watu, jua likiwakaushia ukindu mpaka unawakatikia mikononi. Mfaume na kundi lake la wapiga dufu walikuwa wakifanyia mazoezi karibu na stendi, mpaka wakafukuzwa. Sharifu akawaambia wote waingie ghalani. Kodi yao, alisema, itakuwa kufagia na kuziba mabati yanayovuja. Ufunguo utaning'inia kwenye msumari katika kibanda cha chai cha jirani yao, Tatu, na atakayewahi ndiye atakayefungua.

Watu walimsifu sana. Naye alizipenda sifa hizo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mwaka huu, mwezi wa sita, binti yake Warda aliposwa na kijana wa Mohoro, wa ukoo wa wafanyabiashara wa tangu zamani. Wakwe walituma habari kwamba watakuja Alhamisi na kukaa mpaka Jumapili. Msimu wa ufuta ulikuwa umepamba moto, na kila mwenye chumba Ikwiriri alikuwa amekijaza magunia. Abdulhalim, kaka wa mkewe, alimkuta Sharifu anapiga pasi kanzu.

"Shemeji, wakwe watataka kuona ghala. Utawaonyesha vikongwe na madufu?"

"Wale ni wasanii."

"Mimi najua. Mzee Huseni ataona mtu aliyefilisika, msimu wa ufuta anafuga bibi zake ghalani."

Abdulhalim alicheka. Sharifu hakucheka. Asubuhi ya Alhamisi, kabla Tatu hajaja kuwasha jiko, alinyoosha mkono akautoa ufunguo msumarini, akautia mfukoni. Alijua anachofanya, maana aligeuka nyuma mara mbili kuangalia kama yupo anayemwona.

Wakwe walifika, wakakaribishwa, chakula kikaletwa. Mzee Huseni, baba wa kijana, akauliza lile jengo kubwa aliloliona njiani ni la nani.

"Langu, mkwe. Limejaa ufuta."

Uongo ulimtoka bila kukwama.

"Mashaallah! Tukimaliza kula twende tukauone. Mie ufuta nikiunusa tu najua umetoka kijiji gani."

"Ufunguo anao karani wangu. Amekwenda Mtunda kununua mzigo."

Hajafunga mdomo, Bi Mashavu akapiga hodi. Ni mama wa miaka sabini na miwili, ambaye alimbeba Sharifu mgongoni siku ambazo mama yake mzazi alikuwa mgonjwa. Jioni ya jana yake yeye na wenzake walikuwa wamelowesha ukindu waliokwisha kuutia rangi, wakaufunga ndani ya kanga mbichi humo ghalani ili ulainike, wausuke asubuhi. Ulikuwa ukindu wa mikeka kumi na miwili.

"Sharifu mwanangu, ufunguo haupo kwa Tatu. Ukindu wetu una maji, ukifungiwa na joto hili utaoza."

Wageni wote wakamgeukia mwenyeji wao. Sharifu aliinamia sinia la wali.

"Ufunguo gani, bibi? Ghala la ufuta unalitakia nini?"

Tangu utotoni alikuwa akimwita mama. Bi Mashavu alimtazama, akawatazama wageni na kanzu zao, akaelewa.

"Nisameheni, waungwana," alisema. "Uzee huu! Nimekosea nyumba."

Akavaa kandambili zake akaondoka.

"Masikini," Mzee Huseni alisema. "Mtu mzima akishaanza kupotea njia, mumwangalie sana."

"Tutamwangalia," Sharifu akajibu.

Angeweza kumfuata. Angeweza kumpelekea Tatu ufunguo kwa mlango wa uani. Aliyafikiria hayo yote kwa siku tatu na hakufanya hata moja, kwa sababu kila saa iliyopita ilimzidishia maelezo ya kutoa. Aliwaona wanawake wakija kila asubuhi, wakisukuma mlango, wakirudi.

Jumapili, basi la wakwe lilipoondoka, alikwenda kufungua. Harufu ilimpokea mlangoni. Kuvu jeusi lilikuwa limetambaa kwenye ukindu, rangi nyekundu imechujia kwenye ya kijani. Wanawake walisimama nyuma yake kimya. Alitamani wamtukane.

Mfaume naye akaingia, akachukua dufu lake ukutani. "Shikamoo bosi. Ufuta umeupata bei?"

Uso wa Sharifu ukawaka. "Nitawalipa, mama," alimwambia Bi Mashavu.

"Ukindu unaota porini. Huo tutakata mwingine."

"Basi ufunguo naurudisha msumarini sasa hivi."

"Utaurudisha. Na siku wakija wageni wengine?"

Sharifu akaugeuzageuza ufunguo mkononi.

"Hukuona aibu kwa kuwa tumekosa jambo," Bi Mashavu alisema. "Umeona aibu kwa kuwa tupo. Mahali pa namna hiyo mimi siwezi kukaa nikasuka."

Walihamisha vitu vyao siku hiyohiyo, wasusi na wapiga dufu. Sharifu alikwenda kuomba radhi nyumbani kwa Bi Mashavu mara tatu, akasamehewa mara tatu, na hakuna aliyerudi ghalani. Siku ya ndoa alimweleza Mzee Huseni ukweli. Mzee yule akasema, "Mke wangu alikuwa anatafuta wasusi tangu mwaka jana. Ungetuambia tu."

Hiyo ndiyo bei ya woga wa mtu mmoja mbele ya watu aliowajua kwa siku nne. Wanawake kumi na mmoja wamepoteza mahali pa kazi. Sita wamerudi kwenye baraza za watu, juani. Watano wameacha ususi. Kundi la dufu limevunjika. Ghala li tupu, na hapa Ikwiriri hawana mahali pengine.