Ushuhuda wa Jumamosi

Wa rika langu mliokulia Nyabiyonza mtanielewa nikisema sisi tulilelewa kwa kungojeshwa. Sare ya shule ilingoja kahawa ikauke, na kahawa yenyewe ukichuma punje ya kijani ulirudishwa shambani ukaangalie mti vizuri. Mpira wetu ulikuwa majani makavu ya mgomba. Ukifumuka, mwenye mpira alikaa chini akaufunga upya na wenzake wakamsubiri bila kununa. Watoto wangu mimi, video ikikwama kidogo tu wanaitazama simu kama vile imewatukana.

Nyumbani tulikuwa wanne: Tata, ndivyo tulivyomwita baba, kisha mama, mimi Koleta na mdogo wangu Adela. Tata alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa uamsho hasa. Alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kila Jumamosi jioni, kabla ya chakula, tuliketi juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni naye akatuuliza mmoja mmoja, "Wiki hii umevumilia nini kwa ajili ya Bwana?" Ulisimama ukatoa ushuhuda. Mwenye ushuhuda mzito kuliko wote alikuwa wa kwanza kuchagua kwenye chane ya ndizi mbivu. "Mvumilivu hula mbivu," alisema Tata, na kwetu haikuwa methali tu.

Basi tukawa tunayatafuta mateso wenyewe. Mimi niliwahi kutembea na mwiba kisiginoni tangu Jumatano, nimeutunza. Adela hakuwa na ujanja huo. Ushuhuda wake ulikuwa maharage yasiyo na chumvi, au kaptula ya kaka wa jirani aliyovalishwa kwenda kisimani. Nilikuwa nacheka moyoni. Alikuwa na miaka minane na hakuwahi kuchagua ndizi wa kwanza hata mara moja.

Msimu mmoja wa kahawa, siku ya Alhamisi, nilimkuta amejikunja chini ya mti, kikapu kimemwagika.

"Tumbo linanikata," akasema.

"Nimwite mama?"

"Usimwambie, dada. Hii ni ya Jumamosi."

Nikanyamaza. Ningependa kusema nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mtoto, lakini nilinyamaza kwa wivu: tumbo lake lilikuwa limeushinda mwiba wangu. Ijumaa alitapika nyuma ya migomba, akafukia kwa majani. Mama alimgusa paji la uso akaona lina joto. Adela akasema ni jua la shambani. Jumamosi mchana akaninong'oneza kwamba limeacha kuuma, nami nikamwonea huruma, nikidhani ushuhuda umemponyoka.

Jioni alisimama akijishikiza ukutani. "Bwana asifiwe," akasema. "Nimevumilia tumbo tangu Alhamisi na mzazi hajajua."

Tata alilengwa na machozi. "Amina! Mmemsikia mtoto?" Akamsogezea chane nzima. Adela alichagua ndizi yake, akaishika, hakuimenya. Alikaa chini, halafu akalala ubavu pale pale kwenye nyasi, na mama alipomgeuza tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

Wanaume wa jirani walimbeba kwa machela wakipokezana milimani, sisi nyuma yao. Hospitalini daktari alimwuliza Tata mtoto ameanza kuumwa lini. Tata akajibu, "Alhamisi."

"Sasa mlikuwa mnangoja nini?"

Utumbo ulikuwa umepasuka ndani, walisema, na Adela hakuiona Jumatatu. Nimezika watu wengi tangu hapo, yeye peke yake ndiye ninayehisi nilimzika kwa mikono yangu.

Jumamosi ya baada ya matanga tuliketi watatu. Tata akafungua kinywa kwa mazoea. Mama, ambaye hakuwahi kumtangulia mumewe kusema kwenye maombi, akamkatiza. "Baba Koleta, kuanzia leo nyumba hii tuulizane panapouma." Tata akaweka mikono kichwani. Swali lake la zamani sikulisikia tena.

Mama hayupo sasa. Tata ni mzee sana na anaishi kwangu huku Songambele. Wajukuu zake hawana subira hata ya kungoja maharage yaive. Mmoja akitumwa kupalilia anaumwa kichwa, na kabla sijamkaripia, babu yake ameshafika barabarani anasimamisha bodaboda kwa fimbo. Wanamcheka. Wameshajua kwamba ukiumwa unapata safari na soda. Enzi zetu tulikuwa imara kuliko hawa, nalisema hilo bila aibu, na wakati mwingine naitamani nidhamu ile hadi naumia. Lakini kila nikitaka kumwambia mtoto "vumilia," neno linanikwama.

Wiki iliyopita mdogo wao, msichana wa miaka saba, aliingia akilia tumbo. Mapera mabichi, nilijua tangu nilipoona midomo yake. Tata alikuwa ameshainuka, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Limeanza lini?"

"Sasa hivi, babu."

Akashusha pumzi, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Umefanya vizuri kusema," akamwambia. "Umefanya vizuri sana, mama."