Mkono wa Mama Pasi

Watu wa mtaani walimwita Mama Pasi, dobi aliyenyoosha mashati hadi kola ikasimama yenyewe. Hakuwa mwoga. Mvuke ulishamchoma mara nyingi, na mbwa wa jirani walimkimbia. Sindano ya dripu tu ndiyo iliyomtisha, tangu siku alipojifungua kitindamimba wake: dripu ilimwagikia chini ya ngozi, mkono wa kulia ukavimba kama mkate, na kwa muda mrefu akashindwa kushika pasi. Wateja walihamia kwa dobi mwingine. Wengine hawakurudi.

Basi asubuhi moja alipoamka akiharisha na kutapika, aliwaficha watu. Hadi mchana macho yalikuwa yameingia ndani, na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, akamburuta hospitali.

"Wifi, ukifa utaniachia nguo za watu, na mimi pasi siijui," alimwambia njiani. Mama Pasi alitaka kucheka, midomo ikakataa.

Kwenye chumba cha dharura nesi kijana alimfunga mpira mkononi, akagonga ngozi kwa vidole, akachoma. Hakupata. Akachoma tena, mgongo wa kiganja ukaanza kufura. Mama Pasi akaona mkono ule wa zamani ukirudi. Akauvuta, akaukumbatia kifuani.

"Basi. Niacheni nife na mikono yangu."

Nesi yule alienda kumwita mkuu wake, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Huyu alivuta kiti, akakaa.

"Dada, mishipa imejificha kwa sababu umekauka maji. Ya kunywa unayatapika, kwa hiyo dripu hatuikwepi. Lakini njia ziko zaidi ya moja. Naweza kujaribu tena kiganjani, kwa sindano ndogo. Au nitumie mashine ya kuonyesha mishipa, niingize mrija mrefu kwenye mkono wa juu. Huo unakwenda ndani zaidi na una maumivu yake, ila hautoki ovyo. Zote zikishindikana, daktari atatumia mshipa wa shingo."

"Shingoni?" Mama Pasi akaishika shingo yake.

"Ni ya mwisho hiyo. Unafanyia kazi mkono gani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Wa kulia."

"Basi wa kulia hatuugusi."

Mama Pasi akachagua mrija wa mkono wa juu, wa kushoto. Wifi alimshika mguu, maana mikono ilikuwa na wenyewe. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na weusi mtupu na viduara vikipwitapwita. Sindano ikaingia. Ghafla kitu kama umeme kikamshuka hadi kidole gumba.

Nesi mkuu akaitoa papo hapo. "Nimeukaribia mshipa wa fahamu. Nimeshatoa. Chezesha vidole." Akavichezesha. "Sasa niambie. Niendelee pembeni kidogo, au niache?"

Mama Pasi alitaka kusema acha. Alimtazama wifi, wifi alikuwa amefumba macho, akinong'ona dua.

"Endelea," akasema, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake.

Mara hii damu ilipanda kwenye mrija, maji yakaanza kudondoka. Lakini hofu haikuondoka. Jioni nzima aliutazama mkono, akiubonyeza kuona kama unavimba, akigusanisha kidole gumba na vingine. Haukuvimba.

Siku ya kuruhusiwa, mfanyakazi wa hospitali alipita akiuliza wagonjwa kama waliridhika na huduma.

"Niliogopa mwanzo hadi mwisho," Mama Pasi alimjibu. "Na gumba bado linanichonyota. Kama kuridhika ni kutoogopa, sikuridhika."

"Niandike hivyo?"

Alifikiri. "Andika pia kwamba niliulizwa. Ningelazimishwa, ningetoroka kitandani, na sasa mngekuwa mnanizika."

Mchonyoto uliisha polepole, akiwa kazini, bila yeye kujua ni siku gani.