Moyo Wangu Umetanuka, Haujafa

Watu wanapenda sana kumzika mtu angali anakohoa. Mimi nilianza kuzikwa mwanangu alipokuwa bado mchanga, hapahapa Ipagala, sebuleni kwangu, nimeketi nawasikiliza.

Nilikuwa nimejifungua salama. Kisha pumzi ikaanza kunipiga chenga. Nikilala chali nazama, nikiketi napata nafuu, na miguu ikavimba mpaka ndala hazikuingia. Hospitalini wakapima moyo, wakasema umetanuka, na kwamba huwatokea baadhi ya wanawake waliotoka kujifungua. Mume wangu akapiga simu kwao Chamwino, na mama yake akaja na mzigo wa mlenda mkavu, kuniuguza. Haikupita wiki nikajua amekuja pia kumchukua mtoto.

"Mgonjwa wa moyo halei," alisema. "Mtoto aende Chamwino, wewe upumzike."

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Habari za moyo nimewafundisha watoto wa watu miaka nenda rudi, kwa hiyo usinitishe na neno kutanuka. Moyo haungoji kuambiwa usukume kwa nguvu gani. Damu nyingi ikirudi, kuta zake hutanuka, na nyuzi za msuli zikishavutwa hujikaza kwa nguvu zaidi. Damu ikirudi kidogo, hujikaza kidogo. Ukiogopa au ukipanda mlima, mwili humwaga homoni, kalsiamu huingia kwa wingi ndani ya nyuzi zilezile, nazo hukaza zaidi. Shida inakuja zikivutwa bila kupumzika. Mpira wa manati ukiuvuta unarusha mbali, lakini ukiuacha umevutwa mchana kutwa, unalegea. Wangu ulikuwa umelegea. Sasa kulegea ndiyo kufa?

Daktari, dada mmoja mpole, alinipa dawa akanikataza chumvi. Alieleza kwamba figo zikiona moyo hausukumi vizuri, huzuia chumvi na maji ili ujae zaidi, zikidhani zinausaidia, nao ukijaa kupita kiasi ndiyo unazidi kulegea. Mama mkwe alikuwepo na alisikia kila neno. Tulipofika nyumbani, kopo la chumvi alimpelekea jirani.

Hata hivyo miguu ikavimba tena. Kutoka chumbani hadi jikoni nikawa nasimama njiani kutafuta pumzi. Mama mkwe akaanza kukunja nguo za mtoto. Mume wangu, ambaye nampenda lakini siku hiyo nilimchukia, akasimama mlangoni akasema labda mama anasema kweli.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mama mkwe akamalizia.

"Basi livunjike, mama," nikamwambia. "Mtoto nitambeba kwa guu hilohilo."

Nililia baada ya hapo, sikatai. Nililia kwa hasira. Kisha nikanyamaza nikafikiri, maana mwili hauvimbi bure. Nikajikokota hadi jikoni. Sufuria ya mlenda ilikuwa motoni, na mama mkwe anatia magadi, kama anavyotia kila mwanamke wa huku ili mlenda ulainike na uvutike. Mchana magadi, jioni magadi. Daktari alikataza chumvi, na kwetu magadi si chumvi, magadi ni magadi. Lakini sodiamu iliyomo ni ileile ya kwenye chumvi, na mimi nilikuwa naila nikilamba vidole.

"Mama, haya ndiyo yananijaza maji."

"Mlenda bila magadi ni majani ya mbuzi."

"Basi nitakula kama mbuzi."

Nikala. Ulikuwa mbaya, sitadanganya. Maji yakaanza kupungua mwilini, dawa zikafanya kazi, nikarudi kulala kwa mto mmoja badala ya kuketi usiku kucha. Sikupona palepale, na moyo wangu mpaka leo unaangaliwa hospitalini. Ila nguo za mtoto nilizikunjua kwa mikono yangu nikazirudisha kabatini.

Mama mkwe hakukubali kushindwa. Asubuhi moja akatoka chumbani amejitanda, begi mkononi, akatangaza kwamba anaondoka na mjukuu. Nikamweka mtoto mgongoni, nikakaza kanga, nikasimama mbele yake. Mume wangu akaja akasimama upande wangu, macho chini.

"Haendi, mama," nilisema. "Kama ni kufa, nitakufa nikiwa mama yake."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeshaandaa na majibu yake, tena makali. Yeye akaliweka begi chini akakaa juu yake.

"Nilipojifungua wangu wa kwanza nami niliumwa," alisema. "Wakwe zangu wakaja kumchukua. Nikaona kukataa ni utovu wa adabu, nikamtoa. Akalelewa na bibi yake."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Mpaka leo ananiita dada."