Mkia wa Gari la Bugarama

Hadi leo nikisikia harufu ya ngozi mbichi, mate yananijaa mdomoni, na si kwa hamu ya nyama.

Gari lenyewe lilikuwa la kifahari, la Kiingereza, la zamani hata kwa miaka ile, refu kama jeneza la watu wawili. Mtu mmoja mwenye ginari ya kuchambulia pamba aliliacha ghalani alipoondoka, na panya wakazaana ndani ya viti vyake. Likanunuliwa na mzee wa Bugarama, mfuga ng'ombe ambaye pia alikuwa akiuza dhahabu kimyakimya, kama wengi. Akalileta karakana kwangu, Nyasubi, likivutwa na trekta. Nilihesabu matundu ya kutu upande wa nyuma: arobaini na moja. Nikarudia, nikapata arobaini na matatu, maana mawili yalitoboka wakati nahesabu.

"Mbele hakuna ubaya, ila paa," nikamwambia. "Kuanzia mlango wa nyuma ni kukata na kuunda upya."

"Unda. Wewe si fundi?"

Nilikuwa fundi wa kunyoosha madigadi ya malori. Hakuna aliyewahi kunipa gari niamue mimi litakuwa na umbo gani. Nikalichora kwa mkaa ukutani, ukubwa wake kamili: paa linateremka polepole, linapita juu ya gurudumu, linaishia kwenye mkia mwembamba. Fremu nikaichonga kwa mninga. Bati nikalikata kwenye mapipa ya mafuta, kwa kuwa bati jipya siku hizo ulilisikia redioni tu, nikaligonga juu ya gunia la mchanga wiki sita. Siku ya mwisho nikaupitishia mkia ule kiganja, nimefumba macho, sikukwama popote. Nilitaka jambo moja: utoke pale vile ulivyo, watu wauone.

Mzee akaja kuutazama na ukoo mzima. Kwetu mtu hapokei kitu kikubwa peke yake.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia kaka yake mkubwa.

"Marahaba. Huu mteremko wa nini? Mbuzi atasimama wapi?"

"Mbuzi hapandi gari hili."

"Sasa tukienda kuoa tutambeba mgongoni?"

Tukaanza kupatana. Walitaka mkia ukatwe mkono mzima. Nikawapa vidole viwili. Wakashuka kwenye shibiri. Nikapanda vidole vitatu, vyembamba, vya mke wangu. Jua likasogea. Mwishowe yule kaka mtu akasema, "Basi mkia tunakuachia. Paa ni letu." Walikuwa wamechinja dume kwa ajili ya gari, na ngozi ya dume hilo lazima ilivike paa, ambalo bado lilikuwa fremu tupu. Paa kwa mkia! Nikampa mkono upesi kabla hajapiga hesabu upya. Nilijiona mjanja.

Kesho yake wakaja na ngozi inachuruzika, vipande vya mafuta vimening'inia, nzi wakiisindikiza. Wanaume wanne wakaivuta, wa tano akaipigilia kwenye fremu yangu, kutoka kioo cha mbele hadi mkia unapoanzia.

"Ikaukie chini kwanza," nikasema.

"Fundi, umeona wapi ngoma ikiwambwa kwa ngozi kavu?"

Wakacheka. Nikahesabu misumari: mia na kumi na miwili, mara zote mbili. Paa halikuwa langu.

Siku ya tatu harufu iliingia kwenye ugali. Nzi wa kijani walifunika vioo, funza wakadondoka kwenye viti, nami nikafanya kazi nimejifunga kitambaa puani, nikitapika nyuma ya pipa. Siku ya tano ngozi ilikauka, ikaanza kulia, tyii, tyii, na kuvuta. Mninga haukuvunjika, viungio ndivyo vilivyoachia. Bati likakunjamana, na mkia wangu ukanyanyuka, ukapinda kulia, kama wa ng'ombe anayetaka kunya.

Mzee alipofika niliomba akasirike. Akagonga paa kwa ngumi: bum.

"Inalia!" Akazunguka nyuma. "Na mkia umeuinua! Si ungesema mapema? Hapa mbuzi anaegemea vizuri."

"Mzee, hili limeharibika. Nitabandua ngozi, nigonge upya. Bure."

Mimi, ambaye sijawahi kutoa hata msumari wa ribiti bure. Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa.

"Acha. Limependeza. Wabeja, fundi," akanishukuru kwa Kisukuma.

Akaondoka nalo, nzi nyuma.

Wiki iliyofuata akaja mtu wa Runzewe na gari lake, zima kabisa, halina hata mkwaruzo. Anataka mkia kama ule, alioupita barabarani. Nikamwambia ngozi sitaki kuiona. Akasema ngozi hana shida nayo, yeye ni mkia tu.

Nikamfanyia kwa nyundo, siku mbili. Ulipinda vizuri kuliko ule wa kwanza.